Usukani Uliotupeleka kwenye Mafunjo

Nilipokuwa mtoto, kwetu mwaloni, kwenye forodha ya boti za ziwani, Muleba, watu waliamini kwamba chombo kilichozamisha mtu hakimsahau. Bibi yangu aliamini hivyo. Tata, baba yangu, hakuamini.

Asubuhi moja boti yake ya kupeleka ndizi visiwani iligonga mwamba. Usukani, ule ubao mpana unaoning'inia nyuma majini, ukapasuka, na bawaba zake zikapinda. Tata alizinyoosha bawaba kwa nyundo, akafunga kamba mpya hadi kwenye gurudumu la nahodha. Kilichobaki ni ubao.

Siku zile mawimbi yalikuwa yameleta ufukweni mtumbwi mtupu wa kijana jirani yetu, Kamugisha. Mwenyewe hakuonekana. Mama yake, Ma Koku, alimwambia Tata, "Chukua mbao zake. Mimi siwezi kuutazama."

Bibi akamshika Tata mkono. "Mwanangu, usiuchonge ubao huo. Ubao utakwenda kumtafuta mwenye mtumbwi."

"Mama, ubao hauna macho," Tata akacheka, akachonga usukani mpya kwa mbao za mtumbwi ule.

Siku ya kuujaribu nilipanda, nikiwa nakwenda kwa shangazi kisiwani. Tulipotoka tu kwenye ghuba, gurudumu likavuta kushoto. Tata akalirudisha, likavuta tena. Akazima mashine, akainama nyuma kukagua bawaba na kamba. Vyote vilikuwa sawa, na upepo ulikuwa umelala. Alipowasha tena hakulishika gurudumu.

"Tuone linataka wapi," akasema. Sikuwahi kuisikia sauti yake ikiwa ndogo vile.

Likatupeleka taratibu hadi kwenye mafunjo. Niliona shati jekundu kati ya majani, kisha sikuona kitu, kwa kuwa Tata alinifunika macho kwa kiganja kilichonuka grisi.

Ma Koku alimzika mwanawe kibanjani, kwenye migomba. Tangu hapo usukani uleule ulikwenda sawasawa, na hakuna aliyeugusa kuurekebisha. Tata hakumcheka Bibi tena.

Sasa naishi Bukoba. Fundi mmoja wa boti aliniambia bawaba iliyowahi kupinda huweza kuvuta chombo upande mmoja. Huenda. Sikumuuliza kwa nini iliacha kuvuta. Nadhani niliogopa angekuwa na jibu. Ninachojua ni kwamba Ma Koku alipata mahali pa kupiga magoti na kulia. Kando ya ziwa hili wapo akina mama wengi ambao mpaka leo wanatazama maji tu.