Herufi Tatu za Baba

Mpiga chapa mstaafu alikuwa gwiji wa chemsha bongo za gazetini. Ukimtajia herufi, kabla hujameza mate keshakutolea maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo. Kisha akapigwa na kiharusi.

Asubuhi moja bintiye alimwekea mezani vibao vya herufi A, R na T, akamwomba aunde neno moja tu la Kiingereza. Mzee alivisukuma kwa mkono uliobaki na nguvu, jasho likimtoka, akaunda "tra".

"Ndilo?"

"Ndilo, baba. Hongera!"

Mzee akamkazia macho. "Unanidanganya, mwanangu. Unadhani hata uso wako siujui tena?"

Binti akainama, machozi yakimlengalenga. Baba akavichanganya vibao, akaunda "rta".

"Ndilo?"

"Hapana, baba."

"Haya," akasema mzee, akavichanganya tena.