Mpiga Rithim Haitwi Jina

Bibi yangu hajui gitaa lina nyuzi ngapi, lakini ubishi wote wa magitaa hapa Magomeni ya Kilosa unafanyika barazani kwake, kwa sababu ndipo vitumbua vilipo. Kinyozi ameegemeza kiti chake kwenye ukuta wetu, na redio yake anaiweka kwenye dirisha la chumba cha bibi. Anadai hapo ndipo mawimbi yanaposhika. Mawimbi hayajui hata Kilosa iko wapi. Linaloshika ni tumbo lake.

Kinyozi ni mtu wa solo. Kwake yeye, mpiga gitaa ni yule anayelia juu, ambaye mwimbaji humwita jina wimbo ukifika kwenye chemko, pale maneno yanapokwisha na magitaa kubaki peke yake. Wengine wote ni wachukuzi. Anayembishia ni mzee mmoja wa reli, Mnyamwezi ambaye baba yake alikuja kutandika mataruma akasahau kurudi kwao. Kwa kuwa kinyozi ni Mzaramo, hao ni watani, na maneno wanayoambiana wangeambiana watu wengine tungeshaita mgambo.

"Unapenda solo kwa sababu mkasi wako nao unapiga kelele bila kunyoa," mzee wa reli humwambia.

"Na wewe unapenda besi kwa sababu masikio yamekufa, unasikia kwa miguu."

Wa tatu ni balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye hapendi muziki wala hauchukii, ila hawezi kuona watu wawili wanabishana bila kuwapa msimamo.

"Solo ni ubepari," alisema siku moja, kakaza uso. "Mtu mmoja anapita mbele, anatajwa, anapigiwa makofi. Kazi anafanya nani? Rithim. Solo ni kupe."

"Na besi?" mzee wa reli akauliza.

Balozi akafikiri. "Besi ni mkulima."

"Na ngoma?"

"Ngoma zisubiri. Nitauliza tawini."

Mimi niko kidato cha tatu, na sina upande. Kazi yangu barazani ni kupeleka sahani, na kuiga sauti wakiniomba. Namwiga mtangazaji, namwiga mwalimu wa Siasa, namwiga balozi akiwa hayupo. Shuleni nilichapwa kwa kusoma taarifa ya habari mbele ya wenzangu, kwa sauti ya redio kabisa, kwamba mbuzi wa mwalimu mkuu wamevuka lengo la taifa kwa kula mahindi ya elimu ya kujitegemea.

Sasa mjomba. Ni kitinda mimba wa bibi, na anapiga rithim kwenye bendi ya shamba la mkonge. Jumamosi bendi inahamia Mikumi, kwenye baa iliyo kando ya barabara kuu, madereva wa malori wanacheza, vumbi linapanda. Rithim ni lile gitaa linalorudia jambo lilelile tangu wimbo unaanza mpaka unakwisha, kama mama anayekukumbusha kuoga. Ndiyo maana hata balozi, mtetezi wake mkubwa, hajawahi kulisikia. Analitetea kwa nadharia.

Bibi hakuwa na nadharia. Ukoo wetu una sehemu ya shamba kijijini Masanze, na tangu kijiji cha ujamaa kianze, mwenyekiti wa huko akimwona bibi anamuuliza kitu kimoja: mwanao yuko wapi, mbona kwenye shamba la kijiji hatumwoni?

"Nimjibu nini?" bibi alimwambia mjomba mbele ya watu wote. "Kwamba yuko Mikumi anakwaruza waya? Redio inawataja wenzako, mimi nasikia. Wakisharekodi nyimbo zenu Dar es Salaam, redio ikikutaja na wewe, nitajua hiyo ni kazi, na mwenyekiti nitamjibu mwenyewe. Isipokutaja, unarudi Masanze unashika jembe."

Mjomba akasema, "Ndiyo, mama." Hayo ndiyo mazungumzo yake yote na bibi tangu nipate akili.

Wakaenda Dar es Salaam, wakarekodi, wakarudi. Wakaambiwa wimbo utapigwa Jumapili mchana, kipindi cha nyimbo mpya. Jumapili hiyo mjomba akaja na treni ya Mikumi, kachana nywele kama anakwenda kuposa, na uso wa mtu aliyekataliwa. Nikamfuata nyuma ya nyumba, penye kuni.

"Mjomba, wamekutaja?"

"Wametaja wawili. Solo, na yule wa tarumbeta."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa napiga." Akatazama kuni. "Nenda katoe mawe kwenye ile redio."

Hilo halikuwezekana. Kinyozi alikuwa ameyaanika mawe yake, zile betri, juani asubuhi nzima yapate nguvu, akayatia mwenyewe, akaifunga redio kwa mpira wa baiskeli na kukaa mbele yake. Nikamwambia mjomba atulie. Nikatangaza kwamba nakwenda bombani kuchota maji, nikazunguka, nikaingia chumbani kwa bibi na kopo tupu la maziwa. Redio ilikuwa dirishani, upande wa pili wa pazia. Ukisemea ndani ya kopo, sauti inatoka kama ya mtu aliyefungiwa kwenye sanduku, na redio ya kinyozi ndivyo inavyolia siku zake nzuri.

Wimbo ukaanza. Barazani wakanyamaza, hata mafuta kwenye kikaango niliyasikia. Mwimbaji akalalamika kuhusu mwanamke wake, kama kawaida yao. Likaja chemko. Mwimbaji akamwita wa solo, na kinyozi akaguna kwa raha. Akamwita wa tarumbeta. Kisha kukawa na nafasi, ndogo hivi, magitaa yanazunguka tu, na mimi nikaweka mdomo kwenye kopo nikaita jina la mjomba, lile la kibendi, kwa sauti ya mwimbaji yuleyule, nikalivuta mwishoni kama anavyovuta.

"Ametajwa," balozi akasema. "Mmesikia? Haki ya mfanyakazi hiyo."

"Hata mimi nimesikia," kinyozi akasema, kwa unyonge kidogo.

Ningeishia hapo. Lakini mtu akishakuwa redio, kuacha ni kazi. Zunguko lililofuata nikaongeza, "Mtoto wa Magomeni, Kilosa!"

"Huyo mwimbaji si mtu wa Kigoma?" mzee wa reli akauliza. "Magomeni yetu kaijulia wapi?"

"Watu wanasafiri," balozi akamjibu.

Nikafumba macho nipate vizuri mahali pa kuingia mara ya tatu. Sikujua kwamba huko studio wana haraka, wimbo wanaukata kabla haujaisha. Mtangazaji akaanza kusoma salamu za mama mmoja wa Shinyanga kwa wanawe walioko masomoni, na katikati ya salamu hizo redio ya taifa ikamwita mjomba, ikamwambia akoleze.

 Mzee wa reli ndiye aliyeanza kucheka, akakohoa, akashindwa kuacha. Pazia likafunuliwa. Bibi alikuwa amesimama dirishani na uma wake wa vitumbua.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Kopo lilikuwa bado mdomoni.

"Marahaba. Toka huko uje nje, mume wangu."

Akiniita mume wangu kwa upole namna hiyo, mtu mwenye akili hutokea mlango wa nyuma. Nikatokea wa mbele, kwa kuwa nilitaka kuona. Lakini bibi hakunigusa. Alikuwa amemgeukia mjomba.

"Hawakukutaja."

"Hawakunitaja, mama."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini wao wanaitwa na wewe huitwi? Huwezi kupiga?"

Kinyozi akainama kufuta mkasi uliokuwa safi.  Mjomba akatazama viganja vyake, si kwa huzuni, ila kama fundi anayetafuta kasoro ilipo.

"Wanaitwa wale wanaotoka, mama. Yule wa solo anakwenda mbali, anaitwa ili watu wajue yuko wapi. Mimi siondoki. Nikiondoka na mimi, wao hawana pa kurudi."

 

"Kumbe kazi yako ni kubaki," bibi akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi baki nyumbani. Masanze wanatafuta watu wa kubaki."

Mzee wa reli akaacha kucheka. Ilikuwa hoja nzuri, na imejengwa kwa matofali ya mjomba mwenyewe. Kwa mtu kama mjomba, mchezo ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni lile neno lake la kila siku.

"Hapana, mama," mjomba akasema.

Akaonekana kama anasubiri paa lianguke. Halikuanguka, akaendelea, polepole: "Masanze wanaobaki ni wengi. Mimi nikikosa, shamba litalimwa. Mikumi wa kubaki ni mimi peke yangu. Nikikosa, hakuna dansi. Kwa mwenyekiti nitakwenda mwenyewe, siku za msimu nitalima. Lakini bendi siachi."

Bibi akarudi kwenye kikaango. Akageuza kimoja, akageuza cha pili, cha tatu kikawa kimeungua akampa kinyozi.

"Huko Mikumi mnapiga wapi?" akauliza, bila kuinua uso.

"Karibu na barabara kuu, mama."

"Nitakuja kusikiliza."

"Bibi, pale ni baa," balozi akasema.

"Nitakaa nje. Hilo gitaa lake linafika nje?"

"Nje ndiko linakosikika," mjomba akasema. "Solo ndiyo inayoishia mlangoni."

Kinyozi akafungua mdomo kubisha, akakumbuka ana kitumbua mkononi, akakiuma.