Bega la Chini, Kushoto

Utotoni kwetu likizo ya Juni haikuwa ya kupumzika. Shule za mjini Tabora zilichagua watoto wa halaiki, tukapelekwa kambini, mbele kidogo ya Kwihara, kila mtu na mkeka wake, blanketi na kikombe cha bati. Asubuhi tulipewa uji na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa mpaka vinang'ang'ania meno. Kisha mazoezi: kupiga hatua, kuunda herufi kwa miili yetu uwanjani, na mwisho piramidi, watoto juu ya watoto.

Mimi nilikuwa wa chini. Sikuulizwa. Mwalimu alinitazama mara moja, akaona msichana mwenye mwili huu mkubwa, akanyoosha kidole: chini, kushoto. Kileleni aliwekwa binti wa fundi cherehani wa mtaani kwetu, mwepesi kiasi kwamba akipita hata kuku hawashtuki. Alipanda kwa kukanyaga bega langu, akainua bendera, akapigiwa makofi, akashuka kwa kukanyaga bega langu. Sisi wa chini tulipiga magoti, mikono ardhini, tukitazama mchanga.

Mwalimu alipenda kutukumbusha kwamba njia ya pale kambini ilipitwa zamani na wapagazi, na mizigo mabegani, mpaka pwani. "Bega la mtu wa hapa halitetereki," alisema, akinipiga langu kwa kiganja. Nilijisikia vizuri alipofanya hivyo. Ndiyo sifa pekee niliyopata kambini.

Siku moja siafu aliniuma kwenye kifundo cha mkono wakati yule binti anashuka. Hilo ni kweli, naapa. Ila ni kweli vilevile kwamba nilishaumwa na siafu mara nyingi katika mazoezi na sikuwahi kutikisika. Siku hiyo nilikuwa nimechoka kuwa ngazi ya mtu. Mguu wake ulipotua begani kwangu, bega likashuka kidogo, nami sikulizuia.

Alianguka na mkono ukavunjika kiwikoni. Mwalimu alipouliza imekuwaje, alisema huku analia: "Nimeteleza." Wakamkimbiza hospitali ya mjini na lile gari la kutuletea maji.

Jumapili kambi nzima ikaenda kumwona, kwa makundi, na machungwa na biskuti. Mimi nikasema nina homa. Nililala kwenye mkeka wangu, mzima kabisa, nikiwasikia wakirudi wanaimba. Baadaye nikawa nazunguka mtaa wa nyuma nisipite kwao. Mwaka uliofuata baba yake akahamishia cherehani yake Urambo, nikashukuru. Naona aibu kuandika neno hilo, lakini ndivyo nilivyofanya. Nilishukuru.

Kambi yenyewe ilifungwa siku nyingi. Juni iliyopita, wenzetu walioanzisha kundi la kwenye simu wakaamua tukutane palepale. Nilipoona kwamba binti wa fundi naye atakuja, nikajua naenda kwa jambo moja tu: kumwambia ni mimi. Wiki nzima nilijifundisha maneno jikoni, mbele ya sufuria. Niliunguza maharage mara mbili.

Bweni letu halina paa sasa. Uwanja ni shamba la mahindi, na mwenye shamba, ambaye alikuwa ameshavuna, alituruhusu kutandika khanga juu ya mabua. Tukacheka kuonana na vitambi na vipara. Binti wa fundi naye alikuwepo, mdogo vilevile, ila mkono wa kushoto haunyooki. Kila nilipomsogelea, mtu alinivuta kupiga picha, na kusema kweli sikuvutwa kwa nguvu.

Ndipo yule aliyekuwa mpiga ngoma wetu, sasa mtu mzima mwenye wajukuu, akapaza sauti: "Piramidi!"

Watu wakaangua kicheko, wakalaumu magoti. Wachache tukakubali kupiga magoti kwa ajili ya picha, na mimi, mjinga, nikaenda kushoto bila kuambiwa. Mikono ardhini, macho kwenye mabua. Nikaona viatu vidogo vinakuja na kusimama kando yangu. Hakupanda. Aliweka kiganja begani kwangu, akakibonyeza kidogo.

"Leo halishuki?" akauliza kwa sauti ya chini.

Picha ikapigwa, wenzetu wakainuka wakijikung'uta. Mimi nilishindwa kuinuka.

"Ulijua?"

"Mguu wangu ulikuwa juu yake. Ningeachaje kujua?"

Yale maneno ya jikoni yote yalinipotea. "Sasa mbona ulisema umeteleza?"

"Wangekufukuza kambini. Na bega nilikusamehe palepale, tulikuwa watoto." Akaondoa kiganja begani. "Lakini shoga, hukuja kuniona. Jumapili ile wenzako wote waliingia wodini, wakatoka. Mama akataka kurudisha kiti cha wageni, alichokiazima kitanda cha jirani. Nikamwambia akiache, bado kuna mmoja anakuja."

Nililia hapohapo, mama mzima, kwa magoti na mikono kama mtoto anayetambaa. Miaka yote hii nilibeba bega, kumbe mzigo ulikuwa kile kiti.

"Pole," nikasema.

"Pole ya nini?"

"Ya mkono. Nimechelewa, najua. Pole sana."

Alikaa juu ya khanga yangu, akasogea kunipa nafasi. "Inuka basi, ukae. Umeona wapi mgonjwa anatazamwa kwa kupiga magoti? Na umeniletea nini? Usiniambie umekuja mikono mitupu."

Kwenye mkoba nilikuwa na matobolwa tu, niliyonunua sokoni asubuhi, yamefungwa kwenye gazeti. Nikamfungulia. Alinyoosha ule mkono, ukafika ulipoweza kufika, nami nikalisogeza gazeti kumalizia palipobaki. Akachukua kipande, akakitafuna taratibu, maana matobolwa hayataki haraka, na mimi nikasubiri pembeni yake.

Akameza. "Haya," akasema, "sasa nimepoa."