Punje ya Mvua ya Mawe

Nilipokuwa mtoto pale Munyaka, mtaa mmoja wa Eldoret, mama yangu hakuogopa nyoka wala giza. Aliogopa wingu jeusi lenye weupe tumboni, kwa maana hilo ndilo hubeba mvua ya mawe. Mwaka huo baba alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, akarudi kwao Kimilili kutafuta vibarua. Sisi tuliobaki Eldoret, mama, kaka yangu Wafula na mimi, tulitegemea shamba la kukodi la sukuma wiki upande wa Chepkoilel. Hilo ndilo lililotulisha na kutulipia nyumba.

Kukhu, nyanya yangu aliyemzaa mama, alikuwa amekuja kututembelea wakati wingu hilo lilipotukuta shambani, mchana mmoja wa likizo ya Aprili. Tulikimbilia kijumba cha mabati cha kuwekea majembe. Mawe yakagonga paa kwa kishindo, ikabidi tupige kelele ndio tusikizane.

"Kitindamimba hapa ni nani?" Kukhu akauliza, kana kwamba hakunijua.

"Ni mimi, Kukhu."

"Toka nje. Okota punje moja, umeze, uiambie mvua: nimekumaliza."

Kwao, alisema, kitindamimba ndiye hufunga tumbo la mama, kwa hivyo anaweza kufunga na la mawingu. Mwalimu wetu wa kanisani asingependa kusikia hayo. Mama alitikisa kichwa lakini hakunizuia; nadhani siku hiyo angepokea msaada wa yeyote.

Nikajifunika karai kichwani, nikatoka. Punje yenyewe ilikuwa kama harage, na baridi yake ilinikaba koo mpaka machozi yakanitoka. "Nimekumaliza!" nikapaaza sauti. Mvua ikazidi kidogo, kana kwamba nimeitukana, halafu ikapungua, halafu kukawa kimya. Wafula alinitazama kwa heshima ambayo hajanipa tena hadi leo.

Tulitoka tukishangilia. Ndipo tukaliona shamba.

Majani yote yalikuwa yamechanika, mashina yamebaki kama vijiti. Mama aliketi palepale kwenye matope.

"Kukhu, nimechelewa kumeza," nikasema, nikaanza kulia.

"Wewe umefanya kazi yako," akanijibu. "Sasa tufanye yetu."

Mama alizoa vipande vya majani kwa kiganja, akavitazama, mabega yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Kumbe anacheka.

"Mama, hebu ona! Mboga zimekatwa tayari. Hata kisu sitahitaji!"

Kukhu alicheka mpaka akashikilia mlango wa kijumba. Tulijaza magunia kabla majani hayajaoza, tukaosha na kuosha. Kesho yake mama akaweka meko ya kupikia chakula cha kuuza kando ya barabara, karibu na mjengo uliokuwa ukipanda pale mtaani kwetu. Kukhu alisonga ugali, Wafula alichota maji, mimi nikabeba sahani. Mafundi walikula wakafuta sahani kwa vidole.

"Mama Wafula, na kesho mtakuwa?" mmoja akauliza.

Mama alimtazama Kukhu kwanza. "Kesho tutakuwa," akasema.

Yale mashina yalichipuka tena, na meko ikawa kibanda. Baba aliporudi alikuta wateja wamejaa kwenye mabenchi, akapewa kazi ya kuosha sufuria, na akaifanya akiimba.

Watoto wangu huniuliza kama kweli niliizuia mvua ile. Huwaambia sijui. Ninachojua ni kwamba tulipokuwa tumejibana chini ya yale mabati, Kukhu alimchukua mtoto mwenye hofu akamfanya mtu mwenye kazi. Shida zimenikuta mara nyingi tangu hapo, zingine kubwa kuliko kupoteza shamba la mboga, na kila mara huanza kwa kujiuliza, kazi yangu hapa ni ipi? Mara nyingine huwa kazi ndogo, hata ya kuchekesha. Huifanya hivyo hivyo.