Moto wa Baba Barazani

Mwaka niliojifungua mtoto wangu wa kwanza, masika ya Nachingwea yalikuwa hayana huruma. Nilijifungua kwa upasuaji. Mume wangu alikuwa kazini mbali, na mama yangu alishatangulia mbele ya haki. Kwetu mzazi hulelewa na mama au shangazi, lakini aliyeshuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu, mfuko wa nailoni juu ya kofia yake ya kufuma, alikuwa baba, kutoka Nandagala.

"Nimekuja kukulea," alisema, kama mtu anayesema amekuja kupalilia ufuta.

Sikujua nicheke au nilie. Baba niliyemjua alikuwa mtu wa shamba na msikiti. Sikuwahi kumwona ameshika mwiko.

Kesho yake upepo uliangusha nguzo, umeme ukakatika. Mtungi wa gesi ulikuwa umeshaisha, nami nilikuwa nikipikia jiko la umeme tu. Banda la kupikia la uani lilikuwa linavuja. Baba alizunguka nyumba akitazama upepo unatokea wapi, kisha akapanga mafiga kwenye pembe ya baraza ya nyuma, mbali na mlango na mbali na kamba ya nepi. Pembeni akaweka ndoo ya mchanga. Kuni alizigonganisha moja moja. Iliyolia kavu aliichukua, iliyolia kwa uzito aliiegemeza ukutani ikauke.

Jirani yangu, mama mmoja mkarimu, alituletea maganda ya korosho ya kuwashia. Baba alimshukuru sana, halafu akayasogeza kando.

"Moshi wake unawasha macho na kifua," aliniambia jirani alipoondoka. "Mtoto huyu ameanza kuvuta pumzi juzi tu."

Alasiri ile baridi ilizidi, nikaanza kutetemeka.

"Baba, niletee jiko la mkaa humu chumbani. Nifunge dirisha tupate joto."

"Hapana."

"Mkaa ukishakolea hauna moshi."

"Ndiyo maana naukataa, mwanangu. Moshi utakutoa nje ukikohoa. Mkaa utakulaza. Nimewahi kuzika watu wa nyumba moja waliokuwa wanaota moto hivyo. Walikutwa kama wamelala."

Akarudi barazani, akachemsha maji, akayaacha yapoe kidogo, akayatia kwenye chupa na kuzizungushia kanga. Moja akaniwekea miguuni, nyingine mgongoni. Kuhusu mtoto, baba alisema nimlaze kifuani, kwa kuwa joto langu linamtosha. Nilishiba joto lile hadi nikasinzia.

Jirani aliporudi alimkuta baba anakoroga uji wa ulezi, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mzee, niachie mimi."

"Nisaidie kumkanda huyu mgongo na miguu," baba alimjibu. "Hilo mimi siwezi. Uji naweza."

Nilikuwa namtazama kupitia mlangoni. Hakuuacha ule moto peke yake hata mara moja. Akitaka kwenda kuswali, alizitenganisha kuni kwanza, akafukia makaa kwa mchanga, akapitisha kiganja juu yake kuhakikisha. Majivu aliyazoa kwenye beseni bovu la bati na kuyatoa mvuani. Yote aliyafanya taratibu, bila kulalamikia mgongo wake, na nilimwona mkubwa kuliko nilivyowahi kumwona akiwa shambani.

Umeme ulirudi tukiwa tunakula wali na kisamvu. Mtaa mzima ulishangilia. Baba alitazama taa, kisha akaniongezea mboga.

Hapo ndipo nilipomuuliza alijifunza wapi.

"Mama yako alipougua, wewe ulikuwa bwenini," alisema. "Alinifundisha akiwa amelala kwenye mkeka, mlango wa jikoni wazi. Nikikosea alinicheka. Nilikuwa nakosea makusudi siku nyingine, nimsikie akicheka."

Akanawa mikono, akaniomba nimpe mjukuu wake ampakate.