Dhahabu Iliyokataa Nyundo

Miaka thelathini Bakr alikuwa sonara, na Lamu nzima ilisema dhahabu humtii kama nta. Kwa hiyo Bi Radhiya wa Wiyoni alipomletea bangili za marehemu mamake ziyeyushwe, binti yake atengenezewe mkufu wa harusi, Bakr hakuona kazi.

Aliziyeyusha, akamimina, akapata mche wa manjano safi. Akauweka kwenye fuawe. Pigo la kwanza tu, ukavunjika kama biskuti.

Akayeyusha tena. Ukavunjika tena. Mara ya tatu ulipasuka wenyewe ukipoa, nyundo iko mbali, kwa mlio mwembamba kama wa mtu anayesaga meno usingizini. Bakr akatoka kusimama juani.

“Ni mamangu,” alisema Bi Radhiya alipopata habari, buibui imemfunika hadi mato. “Hataki. Nirudishia, Bakr.”

Bakr akasoma Fatiha. Lakini moyo haukutulia. Akachukua lenzi, akatazama palipovunjika. Dhahabu ilikuwa imeachana chembe kwa chembe, kila chembe nzima, inang'aa, na baina yao utando wa kijivu, mwembamba kuliko pumzi juu ya kioo. Chembe zenyewe hazikuwa na kosa. Zilikuwa kama mawe ya ukuta yaliyojengwa kwa tope badala ya chokaa.

“Bi Radhiya, humu mna madini ya risasi. Kidogo tu. Haichanganyiki na dhahabu; hujipenyeza katikati, ikazuia chembe zisishikane.”

Bi Radhiya akaketi barazani.

“Babangu alipotelea baharini, upande wa Kiunga. Kilichorudi ni jarife, wavu wake wa papa. Mamangu akakata kipande cha chubwi, ile risasi ya kuzamishia nyavu. Nalikuwa mdogo, sikujua amekitia wapi. Bangili zile zilikuwa na uwazi ndani. Hakuzivua hata kuoga.”

Bakr alifinyanga kikombe cha majivu ya mifupa, akaichoma dhahabu humo hadi majivu yakainywa risasi yote. Safari hii mche ulitandazika chini ya nyundo, laini, bila ya mlio.

Siku ya kuchukua mkufu, Bi Radhiya aliulizia kwanza kikombe. Bakr akampa, kilikuwa na doa la manjano, kama la yai, pale risasi ilipozama. Bi Radhiya akakifunga kwenye leso kwa mikono miwili.

“Babangu hajazikwa,” alisema, akashika ndia ya makaburini.