Maarika Aliyerudi Mapema

Je, wewe ungemwita mtu arudi nyumbani, halafu umnyime kazi kwa sababu amekwisha kurudi?

Ndivyo alivyofanyiwa Maarika Tohver, jirani yangu hapa Tartu, Estonia. Miaka tisa alikuwa Uholanzi akichunguza udongo wa vinamasi. Serikali yetu ikatangaza mpango wa kuwarejesha wanasayansi: maabara, na mshahara wa miaka mitano. Akaomba, akateuliwa. Ikabaki kutia saini.

Majuma mawili kabla, mama yake, Leida, alianguka ngazini akavunjika mkono. Maarika akaja na ndege ya kwanza. Jioni ileile alifanya jambo ambalo Mwestonia yeyote angelifanya bila kufikiri: alichomeka kitambulisho chake cha kielektroniki kwenye kompyuta, akahamishia anwani yake kwa mama katika rejesta ya wakazi. Dakika tatu tu. Akabandika na jina lake kwenye sanduku la barua.

Siku ya kusaini nilimsindikiza. Karani alitazama kompyuta, akatikisa kichwa.

"Dada, mpango huu ni wa walioko nje. Rejesta inasema wewe unaishi Tartu."

"Si ndiko mlikotaka nije?"

"Baada ya kusaini."

"Kwa hiyo ningeficha, ningepata kazi?"

"Usinitie maneno mdomoni. Omba tena mwaka kesho. Ila uwe unaishi nje."

"Mama yangu ni mgonjwa!"

"Pole, dada. Fomu haina mahali pa kuandika hayo."

Nilipiga meza. Nchi ya watu milioni moja na kidogo, inayowalilia watoto wake waliotawanyika, inashindwa na fomu!

Nyumbani tulimkuta Leida akikata mkate mweusi, ameubana kwa mkono uliofungwa plasta. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Uholanzi wanakushikia nafasi yako hadi lini?"

"Ijumaa."

"Basi unangoja nini? Nikupigie tarumbeta?"

"Na wewe, mama?"

"Mkono mmoja ninao. Na huyu jirani mropokaji atanipasulia kuni."

Maarika hakucheka.

Asubuhi nilipotoka na shoka, basi la uwanja wa ndege lilikuwa limeshaondoka naye. Leida alikuwa langoni, theluji ikimfika vifundoni, akikwangua jina la binti yake kwenye sanduku la barua kwa kisu cha viazi. Plasta aliigandamiza juu ya sanduku lisitikisike.

Nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Kapasue kuni," alisema bila kugeuka. "Mwaka kesho wasije wakasema anaishi hapa."

Akaendelea kukwangua.